MAISHA YA LÜ MENG, JEMADARI ALIYEJIFUNZA KUJIZUIA



Kule China kuna mchezo wa karata unaoitwa Sanguosha. Aliyeutunga ni Huang Kai, wakati alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Beijing, na tangu mwaka wa 2008 unachapwa na kuuzwa. Si mchezo wa kutafuta makuta. Kila mchezaji anapewa karata moja yenye sura ya mtu wa zamani, na wengi wao ni majemadari waliopigana kule China miaka 1800 iliyopita. Kila jemadari ana kipawa chake, na mara nyingi kipawa kile kimetoka katika habari za maisha yake. Kwa hiyo, anayetaka kumcheza jemadari vizuri anapashwa kujua kwanza alikuwa mtu wa namna gani.

Kati yao iko mmoja, Lü Meng, ambaye wachezaji wapya hawamwelewi. Wanamkamata, wanapiga ovyo, kisha wanashindwa na kusema karata yake haina nguvu. Kipawa chake kinaitwa Keji, maana yake kujishinda mwenyewe. Basi tusome maisha yake kwanza, halafu tutarudi ku karata.

1. Kijana asiyeweza kuvumilia

Lü Meng alizaliwa karibu na mwaka wa 178 kisha Kristo, katika jimbo la Runan, kaskazini ya mto mkubwa Yangtze. Wakati ule utawala wa Han, uliokuwa umeunganisha China kwa miaka karibu 400, ulikuwa unaanguka. Kila mkubwa mwenye askari alijikatia kipande chake cha inchi. Kaskazini alikuwa Cao Cao. Kusini ya mto ilikuwa jamaa ya Sun. Wa tatu alikuwa Liu Bei, ambaye mwishoni alishika magharibi. Sehemu hizo tatu ndizo zilizogeuka falme tatu kuanzia mwaka wa 220, na jina la mchezo limetoka ku falme hizo.

Jamaa ya Lü Meng walikuwa maskini. Alipokuwa angali kijana alivuka mto, akakaa kwa shemeji yake Deng Dang, mume wa dada yake, aliyekuwa mkubwa wa askari wa Sun Ce. Lü Meng alikuwa na miaka 15 ao 16 tu alipofuata jeshi kwa siri kwenda kupigana na watu wa milimani walioitwa Shanyue. Shemeji yake alipogeuka na kumwona katikati ya vita alishituka sana. Alimkaripia, lakini hakuweza kumrudisha. Vita ilipoisha, akamshitaki kwa mama. Mama alikasirika, akataka kumwazibu. Kijana akamjibu kwamba umaskini ni kitu kisichoweza kuzoewa, na mtu asipoingia mahali pa hatari hawezi kupata cheo wala mali. Mama akamhurumia, akamwacha.

Lakini moyo wa namna ile una hatari yake. Mkubwa mmoja katika jeshi la Deng Dang alimzarau juu ya utoto wake, akamcheka mara kwa mara. Siku moja Lü Meng alishindwa kuvumilia, akakamata upanga akamwua. Kisha akakimbia, akajificha, na mwishoni akajitoa mwenyewe kwa njia ya mtu mwingine aliyemwombea. Sun Ce alitaka kumwona. Badala ya kumwazibu, akamweka karibu naye. Ndugu, tusisahau mwanzo huu. Mtu ambaye karata yake inaitwa kujishinda mwenyewe alianza kama mtu aliyeshindwa na hasira yake, na mtu mwingine alikufa juu ya hasira ile.

2. Nguo za deni

Deng Dang alipokufa, Lü Meng akapewa askari wake. Katika mwaka wa 200 Sun Ce naye akafa, na mdogo wake Sun Quan akashika utawala akiwa kijana wa miaka 18. Sun Quan aliona kwamba kuna wakubwa wengi wadogo wenye askari wachache, akataka kuunganisha vikosi vyao. Lü Meng alijua kwamba kikosi chake kinaweza kumezwa. Hakupiga kelele, hakwenda kulia kwa mkubwa. Alikopa nguo nyekundu na vitambaa vya kufunga miguu kwa askari wake wote, akawafundisha mazoezi. Siku ya kukaguliwa, watu wake walisimama kwa mistari safi wakingaa. Sun Quan alifurahi, akamwongezea askari badala ya kumpunguzia.

Mwaka wa 208 ulikuwa mwaka mkubwa kwake. Katika vita juu ya Huang Zu, adui wa zamani wa jamaa ya Sun, Lü Meng aliongoza mbele na kumwua mkubwa wa mashua za adui. Mwaka ule ule Cao Cao alishuka na jeshi kubwa sana kutoka kaskazini, akapigwa ku mto Yangtze, mahali panapoitwa Chibi, maana yake Mwamba Mwekundu. Pale watu wa Sun Quan na watu wa Liu Bei walisimama pamoja, na Lü Meng alikuwa kati yao.

3. Askari anafungua kitabu

Sasa tunafika ku jambo ambalo linatuhusu sisi wa masomo. Lü Meng hakusoma vitabu katika utoto wake. Alipotaka kumwandikia bwana wake habari kubwa, alisema kwa kinywa na mwingine akaandika. Wenye elimu walimhesabu kuwa mtu wa mikono tu, si mtu wa akili.

Siku moja Sun Quan alimwita pamoja na mwenzake Jiang Qin, akawashauri wasome. Lü Meng alijibu kama vile wengi wetu tunavyojibu ku saa ya etide: kazi ni nyingi, nafasi haiko. Sun Quan hakukubali. Alimweleza kwamba hataki kumgeuza kuwa mwalimu wa vitabu, anataka tu ajue mambo yaliyopita. Akamwuliza kama kazi yake inapita ile ya mtawala mwenyewe, ambaye hata hivyo alisoma kila siku na kupata faida. Akamtajia vitabu vya kuanza navyo: kitabu cha Sunzi juu ya vita, na vitabu vya historia.

Lü Meng akaanza. Hakuwa mtoto tena, alikuwa jemadari mwenye vidonda vya vita. Lakini alisoma bila kuchoka, mpaka akapita hata wengine waliosoma tangu utoto.

Katika mwaka wa 210 jemadari mkubwa Zhou Yu alikufa, na Lu Su akashika nafasi yake. Lu Su alikuwa mtu wa elimu, na moyoni mwake alimzarau Lü Meng. Alipopita karibu na kambi yake, mtu mmoja akamshauri aingie kumsalimia. Walipokuwa wakinywa, Lü Meng akamwuliza: sasa unakwenda kukaa mpakani pamoja na Guan Yu, jemadari wa Liu Bei, umetayarisha nini? Lu Su akajibu bila kufikiri kwamba ataona wakati wenyewe ukifika. Lü Meng akamwonyesha kwamba Guan Yu ni rafiki leo lakini ni chui siku zote, akampa mashauri matano, moja kwa moja. Lu Su alitoka mahali pake, akamkaribia na kumpigapiga mgongoni kwa mshangao. Aliona kwamba yule Meng wa zamani hayuko tena. Kisha akaingia kumsalimia mama ya Lü Meng, na wakawa marafiki. Tangu siku ile mpaka leo Wachina wanatumia habari hii kufundisha kwamba mtu anayesoma, hata ukiachana naye siku tatu tu, upashwa kumwangalia upya.

4. Namna alivyojishinda

Lakini kusoma peke yake hakuleti jina la Keji. Tuangalie mambo mawili.

La kwanza: mtawala mmoja wa jimbo, Cai Yi, alishitaki watu wa Lü Meng mbele ya Sun Quan. Lü Meng hakuweka kinyongo. Nyuma, kazi moja ya utawala ilipokosa mtu, Sun Quan akamwomba ataje anayefaa. Lü Meng akamtaja Cai Yi yule yule, kwa sababu alikuwa mtumishi mzuri. Sun Quan akacheka kwa furaha na akafanya vile.

La pili: Gan Ning, jemadari hodari lakini mkali, alikuwa na mtumishi wa jikoni aliyekosa na kukimbilia kwa Lü Meng. Lü Meng alimrudisha kisha Gan Ning kuahidi kwamba hatamwua. Kumbe! Alipofika ku mashua, Gan Ning alimfunga ku mti akamwua kwa mishale. Lü Meng akapiga ngoma, akakusanya askari wake ili amshambulie. Mama yake akatoka mbio bila viatu, akamwonya: mtawala anakutendea kama ndugu, utaharibuje kazi yake kubwa juu ya hasira yako? Yule mtoto aliyewahi kumwua mtu juu ya kuchekwa alisikia sauti ya mama yake. Akaenda mwenyewe mpaka ku mashua ya Gan Ning, akacheka, akamwita waende kula kwa mama. Gan Ning akalia, akaungama kosa lake.

Katika vita pia alijifunza kufikiri mbele. Alipotoa shauri la kujenga boma ku Ruxu, wakubwa wengine walimcheka. Wao waliona inatosha kushuka, kupiga adui, kunawa miguu na kurudi ndani ya mashua. Yeye akasema hakuna mtu anayeshinda kila siku, na siku ya kushindwa watakosa hata nafasi ya kufika ku maji. Boma likajengwa. Katika mwaka wa 213 Cao Cao alikuja na jeshi lake, akashindwa kupita.

5. Ushindi mkubwa, na kofia moja

Lu Su alikufa katika mwaka wa 217, na Lü Meng akashika nafasi yake mpakani. Mbele yake alikuwa Guan Yu, jemadari wa kuogopwa kupita wote. Kwa maneno walikuwa wangali marafiki, lakini urafiki ulikuwa umechakaa. Guan Yu alikuwa amemtukana mjumbe wa Sun Quan aliyekuja kumwomba binti yake kwa ndoa.

Katika mwaka wa 219 Guan Yu alikwenda kaskazini kuzunguka mji wa Fan, lakini aliacha askari wengi nyuma kwa kumwogopa Lü Meng. Basi Lü Meng, ambaye kwa kweli alikuwa mtu wa kuugua mara nyingi, akafanya kama ugonjwa umemzidi, akarudi nyumbani mbele ya macho ya watu wote. Ku nafasi yake akashauri awekwe Lu Xun, kijana ambaye jina lake lilikuwa bado dogo. Lu Xun akamwandikia Guan Yu barua za kujinyenyekeza. Guan Yu akatulia, akaondoa askari wake kidogo kidogo na kuwapeleka mbele.

Hapo Lü Meng akapanda mto. Askari walilala ndani ya mashua wamefichwa, na waliopiga kasia walivaa nguo nyeupe kama wachuuzi. Walinzi wa mtoni walikamatwa mmoja mmoja, Guan Yu hakusikia kitu. Miji ya Gong'an na Jiangling ikafungua milango.

Ndani ya Jiangling Lü Meng akakataza askari wake wasiguse kitu cha raia. Askari mmoja, mtu wa kwao kabisa, wa Runan, akakamata kofia ya majani ku nyumba ya raia ili afunike silaha za serikali zisinyeshewe. Lü Meng alilia machozi, lakini alisema sheria haiwezi kuvunjwa juu ya mtu wa kwao, akaamuru auawe. Sisi tunaopewa kazi ya kuangalia wenzetu tunajua namna ilivyo vigumu kumhesabia mtu wa kwenu kosa sawa na wengine. Hata vile, azabu ile ilikuwa nzito kupita kofia, na machozi yake yanaonyesha kwamba yeye mwenyewe alijua.

Tangu siku ile hakuna aliyeokota hata kitu kilichoanguka njiani. Wazee walitembelewa, wagonjwa walipewa dawa, wenye njaa chakula. Guan Yu alipotuma wajumbe, Lü Meng aliwaacha wazunguke mjini kuona. Waliporudi na habari kwamba jamaa za askari wako salama, askari wa Guan Yu walipoteza nia ya kupigana, wakamwacha wengi wao. Guan Yu akakamatwa pamoja na mwana wake, wakauawa.

Lü Meng hakuishi kufurahia ushindi. Ugonjwa ukamshika kweli. Sun Quan akamweka ndani ya nyumba yake mwenyewe, akaahidi zawadi kubwa kwa atakayemponya. Alitaka kumwona kila wakati, lakini aliogopa kumchokesha kwa kumfanya ainuke. Kwa hiyo akatoboa ukuta, akawa anamchungulia. Akimwona amekula kidogo, alicheka na kufurahi. Asipokula, hakuweza kulala. Lü Meng akafa katika baridi ile, kati ya mwisho wa 219 na mwanzo wa 220, akiwa na miaka 42 kwa hesabu ya Wachina. Zahabu na mali yote aliyopewa alikuwa ameiweka gala, akaagiza irudishwe kwa mtawala, na maziko yake yawe ya kawaida.

6. Namna ya kumcheza

Sasa karata. Katika Sanguosha kila mchezaji, zamu yake ikifika, anavuta karata mbili. Kisha anatumia anazotaka, lakini ile ya kupiga, inayoitwa Sha, anaweza kuitumia mara moja tu kwa zamu. Mwisho wa zamu anapashwa kutupa karata zote zinazopita hesabu ya uhai uliobaki kwake. Lü Meng ana uhai 4. Lakini kipawa chake ni hiki: kama katika zamu yake hakupiga Sha hata moja, hatupi kitu. Anabaki na zote.

Hapo ndipo wapya wanakosa. Wanaona adui karibu, wanapiga mara moja, adui anakwepa, na mwisho wa zamu wanatupa karata nzuri. Lü Meng hachezwi vile. Zamu za kwanza anyamaze. Aweke karata za kukwepa na za kuponya. Asianze mashindano ya watu wawili, yale yanayoitwa Juedou, kwani pale atalazimishwa kutoa Sha, na kipawa chake kitapotea kwa zamu ile. Angoje upinde wa Zhuge, silaha inayoruhusu kupiga Sha bila hesabu. Ukifika mkononi, karata zote alizozichunga zinatoka kwa zamu moja, kama askari waliotoka ndani ya mashua. Lakini aangalie, upinde ule unafika kwa jirani tu, kwa hiyo achague mahali na wakati.

Kama mkubwa wa meza ni Sun Quan na wewe ni mtumishi wake, chunga karata za Tao, zile za kuponya. Sun Quan akiwa karibu kufa, Tao kutoka kwa mtu wa upande wake inamponya zaidi ya kawaida. Kule zamani Sun Quan ndiye aliyemchunga Lü Meng ku ukuta. Ku meza Lü Meng anamrudishia.

Tena asisahau hatari yake. Mwenye karata nyingi anaonekana na wote. Kuna karata za kunyanganya na za kubomoa, na zote zitamwelekea yeye. Anayengoja kupita wakati wake atanyanganywa alichokiweka.

7. Tumhesabu namna gani?

Wengi wanampenda Guan Yu kuliko yeye. Guan Yu anaabudiwa katika mahekalu mpaka leo, na ile hadisi kubwa ya Falme Tatu ya Luo Guanzhong inamfanya Lü Meng afe kwa kushikwa na roho ya Guan Yu. Lakini Chen Shou, aliyeandika historia katika karne ile ile ya tatu, anasema ni ugonjwa.

Hata vile swali linabaki. Lü Meng alijifanya mgonjwa, akashambulia mtu aliyeitwa rafiki. Alipata jimbo, lakini Liu Bei alikuja kulipiza kisasi, na katika mwaka wa 222 Lu Xun akamshinda. Damu nyingi ilimwangika kati ya pande mbili zilizopashwa kuunganika mbele ya kaskazini. Mwishoni zote mbili zilimezwa na kaskazini, moja katika mwaka wa 263, ya pili katika 280. Kwa hiyo mimi ninasema hivi: kujizuia ni nguvu, lakini ni nguvu kama kisu. Kinaweza kukata mkate, kinaweza kukata urafiki. Lü Meng alijua kungoja kupita wengine wote, lakini kile alichokingojea mwishoni hakikuwa kizuri kama vile alivyokingojea.

Kitu chake kilicho safi kabisa ni kile cha katikati: askari mzima anayekubali kuanza kitabu cha kwanza mbele ya watu wanaomcheka, na mtu wa hasira anayerudisha upanga kwa sababu mama amesema. Wenzangu wa mwaka wa sita, ekzame ya Serikali haiko mbali. Mwenye kuweka kidogo kila jioni hatatafuta karata siku ile.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita